Ushauri: Nawapeleka watoto wanne Kolo, mdogo anatapika garini

Baba_Wanne: Wakuu, shule zimefungwa, nataka watoto wakaone michoro ya miambani Kolo. Tunatoka Dodoma mjini Ijumaa alfajiri. Wa mwisho ana miaka mitatu, akipanda gari anatapika. Nimpe nini? Gari iko vizuri.

Mama_Tunu: Asinywe maziwa wala asile chipsi. Uji mwepesi saa nzima kabla ya kuondoka unatosha. Mkalishe katikati aone mbele, na simu mnyang'anye: macho yakiganda kwenye kioo huku sikio la ndani linahisi mwendo, kichefuchefu hicho. Rambo zilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo beba kopo tupu la rangi la lita 4, lenye mfuniko unaobana.

Spana_Mkononi: "Iko vizuri" ni lugha ya dalali. Tairi za lini? Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na maji inakunywa?

Baba_Wanne: Tairi za 2022. Maji kidogo tu.

Spana_Mkononi: Kidogo ni kiasi gani?

Baba_Wanne: Lita moja kila siku mbili. Lakini fundi alishatoa themostati, na hapa mjini haichemshi.

Kibarazani: Kumbe anayetapika ni rejeta 😂

Spana_Mkononi: Fundi amekuongezea ugonjwa. Themostati ni lango la maji ya kwenda rejeta yakapoe. Nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82, na kwenye injini nyingi za Kijapani ikifunguka inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka kwenye injini bila kupita rejeta. Kwenye tambarare huoni kitu. Mlimani utaona.

Mzee_wa_Hekima: Mtoto hana sauti ya kukataa safari. Baba ndiye breki.

Mrangi_Asilia: Mkifika Kolo anzieni ofisi ya mambo ya kale pale pale barabarani, mlipe kiingilio na mpewe mwongozaji. Eneo liko Urithi wa Dunia tangu 2006. Miambani mnapanda kwa miguu, kandambili hapana. Na watoto wasimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha, ndivyo inavyofutika.

Baba_Wanne: Asante. Tukila mchana Manyoni, Kolo tutaiwahi kesho yake?

Kibarazani: Chai hii! Kolo iko kaskazini, unaipita Kondoa kwanza. Manyoni ni magharibi, barabara ya Singida. Mods, fungeni uzi, jamaa katunga.

Mzee_wa_Hekima: Nami nilishangaa.

Baba_Wanne: Si chai. Tunazunguka: Manyoni, tunalala Singida kwa shemeji, Katesh, Babati, halafu tunashukia Kolo na Kondoa kurudi nyumbani. Tunaye na mama mkwe, nimeshamwahidi. Siwezi kumwambia mambo ya rejeta.

Spana_Mkononi: Hiyo ni zaidi ya kilomita 600! Ukipita Kintinku unapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, watu saba na mabegi yao. Hapo ndipo itachemsha. Ikitokea, zima eisii, fungulia hita mpaka mwisho, tafuta pa kusimama, weka pembetatu. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa hata kidogo: maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100, ukilegeza tu yanakurukia usoni.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, washa. Viputo vya mwanzo ni hewa. Vikiendelea injini ikishapata moto, gesi ya silinda inapenya kwenye maji, yaani hedi gasketi, kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini, imekufa. Zima kabla maji hayajafoka. Chungulia na mfuniko wa oili: ukikuta utando kama uji wa maziwa, safari imeisha.

Baba_Wanne: Nimejaribu. Oili safi. Viputo vinatoka tu, dakika kumi sasa. Si inaweza kuwa hewa bado?

Spana_Mkononi: Dakika kumi? Zima gari.

Mama_Tunu: Basi za Kondoa zipo asubuhi. Nendeni Kolo moja kwa moja, Singida mwezi mwingine. Kopo usisahau.

Baba_Wanne: Na mama mkwe? Ameshafunga kuku wawili wa kupeleka Singida.

Kibarazani: Singida tena, kuku? Sasa naamini ni chai.