Je, tutaje malwa katika wasifu wa mama?

Binti wa Landhi (Tororo) anauliza:

Wasomaji wenzangu, naomba ushauri wenu kuhusu jambo lililotugawa sisi ndugu wa tumbo moja.

Mama yetu alifariki mwaka jana akiwa mzee, na mwezi ujao tutafanya ibada ya kumbukumbu nyumbani, nje kidogo ya mji wa Tororo, Uganda. Kwa kuwa mimi ni binti wa kwanza, nimepewa kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kaburini. Nimeandika kurasa mbili. Kaka yangu, ambaye ni mchungaji, amezisoma na kufuta aya moja tu, ile ya malwa, pombe yetu ya wimbi, na aya hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kazi hii.

Tulizaliwa katika landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa Mjopadhola, mama Mteso, na majirani walitoka kila upande ambao treni ilifika, ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha yetu ya nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na bei za magendo zikawa zinapanda kila kukicha, mshahara wa baba haukutosha hata sabuni ya mwezi. Mama akaanza kupika malwa.

Anayeijua malwa kwa kuinywa huenda haijui kwa kuipika. Wimbi husagwa, unga wake hulowekwa na kufukiwa shimoni kwa muda wa wiki moja hivi mpaka uchachuke, kisha hufukuliwa na kukaangwa juu ya bati pana, na kukaanga huko ndiko kunakokula macho, kwa sababu mpishi hushinda katika moshi akigeuzageuza unga usije ukaungua. Baadaye huanikwa juani, huchanganywa na kimea na maji, na kuachwa siku chache kabla ya kutiwa katika chungu na kuongezwa maji ya moto mbele ya wanywaji wenye mirija yao mirefu. Mama aliifanya kazi hiyo kwa miaka 14, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa na mtoto mgongoni. Karo ya watoto sita ilitoka katika chungu hicho. Elimu ya msingi isiyo na karo ilianza nchini mwaka 1997, wakati mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekwisha kumaliza darasa la saba.

Mwaka 1992 mama aliokoka, akaacha kupika. Kaka anasema kwamba walokole watajaa uwanjani, Umoja wa Akina Mama, kile kikundi cha wanawake wa kanisa, watakuja na sare zao, na kutaja malwa mbele yao ni kumvunjia mama heshima asipoweza kujitetea. Anapendekeza tuandike kwamba alikuwa mchapakazi aliyejishughulisha na biashara ndogo ndogo. Maneno hayo si uongo, lakini nikiyasoma simwoni mama. Namwona mama wa mtu yeyote. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu (Mbale):

Pole sana, binti yangu, kwa msiba ambao naona bado ni mbichi.

Nimeshika kipaza sauti katika mazishi mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa kuwa huku kwetu mwalimu hupewa kazi hiyo atake asitake, na naweza kukuambia kwamba wasifu ulioandikwa kwa maneno ya jumla hausikilizwi. Watu huinamisha vichwa kwa adabu huku wakifikiria chakula. Wote waliozikwa walikuwa wakarimu, wote walipenda kanisa, wote walikuwa wachapakazi. Hata wale ambao kijiji kizima kinajua hawakuwahi kushika jembe.

Mama yangu mzazi alikuwa mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Nilipoandika wasifu wake, niliacha sifa zote nikasimulia wiki moja ya mwaka 1987, fedha zilipobadilishwa. Alikuwa ameweka karo yangu noti kwa noti ndani ya debe la unga, na tulipokwenda kubadilisha, sifuri mbili ziliondolewa, na asilimia 30 ikakatwa tena kama kodi. Sifuri mbili alizielewa, kwa kuwa bei nazo zilipunguzwa vivyo hivyo. Zile asilimia 30 hakuzielewa mpaka anaingia kaburini. Alizihesabu zile noti mpya usiku ule, akazihesabu tena, na asubuhi tukakuta amekwisha kwenda shambani kabla hata jogoo hajawika. Niliposoma hayo kaburini, wazee waliguna wote kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alikuwa wapi wiki ile na alipoteza nini. Baada ya ibada walinifuata wakanisimulia mambo ya mama ambayo mimi mwanawe sikuyajua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiifute aya hiyo. Ila kabla ya kuisoma, nenda kwa watu wenye umri wa mama yako: aliyemsagia wimbi, aliyemuuzia kuni, aliyekuwa akinywa kwa mkopo. Waulize alikuwa akiamka saa ngapi. Watoto hukumbuka mama yao alikuwa amechoka, lakini mara nyingi hawajui alichoshwa na nini hasa.

Mtoto wa Kambini (Jinja):

Naomba niseme jambo ambalo huenda halitapendeza, na ninalisema kwa heshima.

Baba yangu alikuwa askari polisi, na mshahara wake uliishia kwenye vyungu kama hicho cha mama yako. Nani alitusomesha sisi? Mama, ambaye alilima vibarua katika mashamba ya watu, akarudi jioni na mihogo kichwani badala ya fedha. Yeye naye ataitwa mchapakazi siku yake ikifika, lakini sidhani kama aliichagua kazi ile, wala sipendi kuwasikia watu wakiisifu jinsi alivyoteseka kana kwamba mateso yale yalikuwa kipaji chake.

Simlaumu mama yako. Naelewa kwamba alikuwa na watoto sita na mume ambaye mshahara wake haukununua kitu. Ila miongoni mwa watakaosimama penye kaburi lile atakuwepo mtu kama mimi, tena huenda akawa jirani yenu wa siku zote. Ukiitaja malwa, itaje, lakini usiipambe.

Mama wa Kitenge (Soroti):

Mwanangu, mimi nimo katika Umoja wa Akina Mama tangu wajukuu wangu hawajazaliwa, na kaka yako mchungaji anatuogopea bure. Tukikaa kuhesabiana ukweli katika kikundi chetu, huyu alipika malwa, yule alikoroga tonto ya ndizi, na yupo mmoja, sitamtaja, ambaye waragi wake, ile pombe kali, ulijulikana mpaka wilaya ya pili. Sare ile tunayoivaa haikushonwa kwa ajili ya watu wasio na historia.

Lakini nina swali, na nashangaa hakuna aliyeliuliza. Unasema mama yako aliokoka. Mlokole haokoki kimyakimya: husimama mbele ya ndugu akatoa ushuhuda, akataja alikotolewa. Je, mama yako alisema nini siku hiyo? Kama aliitaja malwa kwa kinywa chake mbele ya kanisa zima, basi mnachobishania ninyi watoto si siri tena, na hakuna heshima ya kumfichia mtu jambo ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulitangaza. Na kama hakuitaja, hapo kaka yako ana hoja, nawe itakubidi umsikilize.

Binti wa Landhi (Tororo):

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kujibu kwa sababu swali la Mama wa Soroti lilinipeleka kijijini kumtafuta mama mdogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya waliokuwapo siku ile ya 1992.

Anasema mama hakutaja tu. Alikibeba chungu chenyewe mpaka kanisani, watu wakadhani anataka kukivunja kama wengine walivyofanya, lakini hakukivunja. Alisema anamshukuru Mungu kwa chungu kile na anamshukuru pia kwa kumwondoa penye chungu kile, kisha akarudi nacho nyumbani na kukitumia kuwekea maji ya wageni. Nilikunywa maji ya chungu hicho miaka yote tangu hapo bila kujua habari hii. Kaka naye hakuijua, kwa kuwa wakati huo alikuwa shule ya bweni.

Kwa ndugu wa Jinja: nilikaa na maneno yako siku tatu. Nimekumbuka mwanamke aliyekuja mlangoni kwetu mwisho wa mwezi mmoja kumfuata mumewe, na jinsi mama alivyoingia ndani akajishughulisha na moto ili wasitazamane. Hilo sikuwa nimeliandika. Sasa limo.

Aya yenyewe, kama itakavyosomwa, ni hii:

"Kuanzia mwaka 1978 hadi 1992 mama alipika malwa. Moshi wa kukaanga unga ulimdhoofisha macho, na kuna nyumba ambazo fedha zao ziliingia kwetu wakati zilihitajika kwao, jambo alilolijua. Karo ya watoto wake sita, pamoja na ya yule aliyesomea uchungaji, ilitoka humo. Alipookoka alikipeleka chungu kanisani na kurudi nacho, na leo maji mtakayokunywa yametoka katika chungu hicho."

Kaka ameipata jana usiku. Aliniuliza kama naweza kuipunguza sentensi ya tatu, nikamwambia kwamba sentensi hiyo ni yake, aikate mwenyewe akitaka. Asubuhi ya leo ameirudisha kama ilivyo, ila ameongeza jina la shule.