Nani awe na uwezo wa kuizima pikipiki yako ikiwa barabarani?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Pikipiki nyingi mpya zinakuja na kioo cha rangi (skrini kama ya simu) badala ya mshale wa mwendo. Kioo kinashikana na simu kwa Bluetooth, na kwenye baadhi yake kuna laini ya simu na GPS zilizofichwa ndani. Ukiwa umelala unajua chombo kiko wapi. Mtu akikitikisa, simu inalia. Kisha kuna kitufe kimoja zaidi kwenye programu: zima injini. Swali langu ni kuhusu kitufe hicho. Kiwepo? Na kikiwepo, kiwe mikononi mwa nani?

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga asihangaike kuutafuta. Kufuatilia chombo, sawa. Kuzuia injini isiwashwe wakati pikipiki imesimama, sawa. Kuikata injini wakati inatembea, hapana, kwa mtu yeyote, hata kwa mwenye pikipiki mwenyewe. Na mamlaka ya mwisho juu ya mfumo wote yabaki kwa aliyeinunua.

Kioo chenyewe sikipingi. Honda Gold Wing ya 2018 ndiyo ilikuwa pikipiki ya kwanza kuja na Apple CarPlay, yaani mfumo unaoleta programu za iPhone kwenye kioo cha chombo, na tangu hapo wengine wamefuata. Kuna hata sababu ya kukipendelea kuliko simu iliyofungwa kwenye usukani: mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera ya simu zao. Ila kioo hicho kinahitaji nidhamu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakata mita 22. Ukiinamisha macho sekunde 2 kutafuta jina la mtu aliyekupigia, umekwenda zaidi ya mita 40 bila kuona shimo wala mtoto. Ramani ya mshale mmoja mkubwa inatosha. Orodha ya nyimbo ingoje usimame.

Nirudi kwenye ulinzi, maana hapo ndipo tunapodanganyana zaidi. Pikipiki ni nyepesi. Wezi wawili au watatu wanainyanyua na kuitupa ndani ya gari bila kugusa swichi. Kwa wizi wa namna hiyo, kuzima injini kwa mbali hakukusaidii chochote, kwa sababu injini haikuwashwa. Kinachosaidia ni mnyororo mnene uliopitishwa kwenye kitu kisichong'oka, king'ora kinachopiga kelele mara chombo kinapotikiswa, na kifaa cha kufuatilia kilichofichwa mahali ambapo mwizi atahitaji muda kukipata. Kwa hiyo kile kitufe tunachouziwa kama ulinzi kinafanya kazi hasa kwenye hali moja tu: mtu yuko juu ya pikipiki na anaiendesha.

Naijua hali hiyo. Injini iliwahi kunikatikia kwenye kona ya kushoto, jioni, nikiwa gia ya 3. Hakuna aliyetuma amri. Ilikuwa rilei ya kifaa cha kufuatilia, yaani swichi ndogo ya umeme inayokata na kuunga waya, ambayo fundi aliiunga kwenye waya wa swichi na ikalegea kwa mtikisiko. Nilikuwa nimevuta akseleta. Ghafla injini iliyokufa ikaanza kulishika gurudumu la nyuma, pikipiki ikainuka kutoka kwenye ulalo wake na kuanza kunitoa nje ya kona, kuelekea upande wa magari yanayokuja. Taa zikazimika papo hapo, kwa sababu waya ule ndio uliokuwa ukilisha kila kitu. Nilibana klachi, nikaiacha ijiendee hadi kwenye nyasi za ng'ambo. Niliposimama, rilei ikalia "tik", na taa zikawaka zenyewe kana kwamba hapakutokea jambo. Upande ule hakukuwa na gari linalokuja. Kwa sababu hiyo tu ndiyo nipo hapa naandika.

Sasa fikirieni "tik" hiyo ikitoka kwenye simu ya mtu aliye mbali, asiyeona kona, asiyeona lori nyuma yako. Kwenye programu yeye anaona nukta inayosogea tu.

Kuna wanaosema mifumo hii ina nywila, hakuna mgeni atakayeingia. Mwaka 2022 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mtandao, CISA, lilitoa tahadhari kuhusu kifaa cha GPS kiitwacho MiCODUS MV720. Watafiti wa kampuni ya BitSight walikuta kasoro ambazo zingemwezesha mtu wa nje kufuatilia chombo na hata kukata mafuta. Nywila ya kiwandani ilikuwa 123456. Vifaa vya MiCODUS vilikuwa takriban milioni 1.5, katika nchi 169. Na kabla ya hapo, mwaka 2015, watafiti wa usalama Charlie Miller na Chris Valasek waliidukua Jeep Cherokee kwa mbali ikiwa barabarani, na magari milioni 1.4 yakaitwa yarekebishwe. Jeep ilipopoteza nguvu barabarani, dereva wake alibaki ameketi juu ya magurudumu manne. Sisi tunabaki na mawili na mwegemeo.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya wakopeshaji, wale wanaotoa pikipiki kwa mkopo. Wanasema bila uwezo wa kuzima, hakuna atakayewapa pikipiki watu wasio na dhamana, na waliofunguliwa riziki na mikopo hiyo watafungiwa tena. Ni kweli, mikopo hiyo imewatoa wengi kwenye kuendesha chombo cha tajiri. Lakini mkopeshaji anahitaji nini hasa? Anahitaji kwamba asiyelipa asiendelee kutumia chombo. Basi amri yake ingoje. Mfumo usome kwamba mwendo ni sifuri, injini imezimwa kwa ufunguo, dakika kadhaa zimepita, ndipo uzuie isiwake tena. Deni litakuwa limedaiwa na mtu atakuwa mzima. Kuchelewa kwa saa mbili hakufilisi kampuni. Na kabla ya kufungwa, mdaiwa apewe taarifa kwenye kioo hichohicho tunachosifia, asije akakwama usiku akiwa na mgonjwa nyuma.

Mwingine ataniuliza: na mwizi anayekimbia na pikipiki yangu? Namwacha akimbie, ndugu yangu. Nukta yake ninayo, atasimama tu. Nikimkata kwenye kona, huenda anayekutana naye ni mama anayevuka barabara. Tena siwezi kuwa na hakika aliye juu ya pikipiki ni nani. Huenda ni fundi anayeijaribu, au mdogo wangu aliyeichukua bila kuaga.

Jambo la mamlaka ya mwisho halizungumzwi vya kutosha. Nilinunua pikipiki iliyotumika, safi, karatasi zote zipo. Siku ya pili nimegeuza ufunguo, kioo kikawaka kikamsalimu mtu mwingine kwa jina, kisha kikadai nambari ya kuthibitisha. Nambari ilitumwa kwenye simu ya aliyeniuzia, naye alikuwa safarini, hapatikani. Nikabaki na pikipiki iliyo mali yangu kwa mkataba, na mali ya mwenzangu kwa mujibu wa seva. Kila siku hadi alipopatikana, yeye aliweza kuona ninapolala. Hakuwa mtu mbaya, nashukuru. Je, angekuwa mbaya?

Kwa hiyo napendekeza wauzaji walazimishwe kuweka njia ya kumfuta mmiliki wa zamani kwa kuwa na ufunguo halisi na hati ya umiliki, bila kumtegemea yeye. Na laini ya simu ikitolewa, pikipiki iendelee kuwaka na kutembea kama kawaida. Hili la laini lina sababu ya wazi. Makampuni ya simu yanazima mitandao ya zamani; Marekani, AT&T ilizima 3G mwaka 2022 na magari yaliyoitegemea yakapoteza huduma zake za mtandao. Pikipiki inayotunzwa vizuri inaweza kuishi miaka 20. Mtandao wa simu ambao pikipiki ilizaliwa nao hauna ahadi hiyo.

Jambo dogo, kwa wanaofunga vifaa hivi wenyewe: angalieni betri. Betri ya Ah 10 ikinyonywa miliampia 10 mfululizo inakauka kabisa ndani ya siku 41 hivi, na stata, ile mota ya kuwashia injini, itagoma mapema zaidi. Ukisafiri mwezi mzima utarudi ukute mlinzi wako wa kielektroniki ndiye aliyekuua betri. Na msikubali rilei iunganishwe kwenye waya mkuu wa swichi. Iwekwe kwenye waya wa stata peke yake. Hapo, hata ikiharibika ukiwa safarini, injini inayozunguka haijali.

Muunganisho huo wa stata ndio jibu langu kwa anayedai kwamba haiwezekani kitaalamu kutenganisha kuzuia kuwasha na kuzima ikitembea. Inawezekana kwa waya mmoja. Tunachohitaji ni anayeunda na anayekopesha waamriwe kuufuata.

Ningependa nisikie kutoka kwa aina mbili za watu. Mafundi mliofungua mifumo ya kiwandani: mmekuta amri ya kuzima inasubiri mwendo ufike sifuri, au inakata popote? Na mnaofanya kazi kwa wakopeshaji, mnaobonyeza kitufe chenyewe: kabla hamjabonyeza, kioo cha kompyuta yenu kinawaonyesha kama mtu anatembea?