Gari mpya inagonga mlimani: niweke petroli ya okteni kubwa, nibadilishe plagi, au niirudishe yadi?

Kihesa_Kilolo

Wakuu, habari za jioni.

Nimechukua gari yadi hapa Dar, imetoka bandarini moja kwa moja, namba E, haijatumika nchini. Barabara ya tambarare inatembea vizuri sana. Shida inakuja nikiwa na abiria, AC imewashwa, halafu nikakuta mwinuko nikiwa mwendo mdogo. Nikikanyaga mafuta tu injini inaanza mlio mkavu wa chuma, ti-ti-ti-ti. Nikiachia pedali unakata palepale.

Fundi wa kwanza anasema nibadilishe plagi na kusafisha kaboni, laki nne na nusu. Wa pili anasema petroli ya kawaida haiifai, niwe najaza ile ya bei ya juu na kopo la kuongeza okteni kila tenki. Yadi nao wamekubali niirudishe nichukue nyingine, ila niongeze milioni mbili, na jibu wanalitaka Ijumaa.

Mwisho wa mwezi naenda Mbeya na familia, mlima wa Kitonga unanisubiri. Njia ipi bora?

SpanaKumiNaNne

Gari gani, mwaka gani, sisi (cc) ngapi, ina turbo au haina? Taa ya injini inawaka? Unajaza sheli gani, ile ile au popote? Mlio upo injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

MamaJunia_Tegeta

Mimi ningerudisha bila hata kuuliza. Milioni mbili ni nyingi lakini ovahoo, kufumua injini nzima, ni zaidi. Ijumaa ikishapita, hao yadi hawakujui.

Haioku_Mwanza

Usirudishe mkuu, petroli hiyo. Mimi naendesha Forester XT. Kwao Japani kuna petroli ya kawaida, inaanzia RON 89 (kipimo cha okteni, yaani uwezo wa petroli kubanwa bila kulipuka yenyewe), na kuna haioku, inaanzia 96. Yangu inataka haioku, na nikiipa mafuta dhaifu inapoteza nguvu waziwazi. Nikiijaza ya bei ya juu inatulia. Magari haya yalizoea mafuta mazuri, sisi tunayapa tunachokipata. Weka okteni kubwa tenki moja uone.

SpanaKumiNaNne

Yako ina turbo na imeandikiwa haioku tangu kiwandani. Yake bado hatuijui. Kihesa, fungua kifuniko cha tenki, kwa ndani huwa kuna kibandiko. Kisome ndipo tuendelee.

Kihesa_Kilolo

Nashukuruni, nilikuwa kazini. Jina la kampuni naomba nisiliweke, tutaishia Simba na Yanga. Ni SUV ndogo ya Kijapani ya 2014, sisi 2000, haina turbo, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Imetembea kilomita 96,000. Taa haiwaki. Asubuhi ikiwa ya baridi mlio haupo, unakuja ikishachemka. Kibandiko kipo, kwa Kijapani, simu imenisomea "petroli ya kawaida isiyo na risasi". Najaza popote foleni ilipo fupi.

SpanaKumiNaNne

Sasa tunaongea. Gari iliyotengenezwa kuishi kwa RON 89 haitakiwi kugonga kwa petroli halali ya huku. Ikigonga, ama ulichojaza si petroli tupu, ama ndani ya injini kuna joto lisilostahili. Okteni kubwa itanyamazisha mlio na kuacha sababu ilivyo.

Mlio wenyewe unatokeaje: plagi ikishawasha, moto husambaa silindani kwa mpangilio. Mchanganyiko wa hewa na mafuta uliobaki pembeni ukibanwa na joto kupita kiasi unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Ndiyo hiyo ti-ti-ti. Injini za sasa zina sensa ya noki. Ikisikia mlipuko, kompyuta inarudisha nyuma taimingi ya plagi, yaani inachelewesha cheche. Ukiusikia kwa masikio mlimani, maana yake kompyuta inarudisha na bado haitoshi.

Cha kuangalia, kwa mpangilio wangu: joto la maji ukiwa unapanda, sensa ya hewa kama imechafuka, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kama imeganda au kuna mtu kaiziba, plagi kama ni namba sahihi, kaboni juu ya pistoni. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka OBD, soketi ya kusoma kompyuta ya gari, kinasoma kwenye simu. Angalia pia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Ikikuonyesha zaidi ya asilimia 10 upande wa kuongeza, injini inavuta hewa nyingi kuliko kompyuta inavyojua, na mchanganyiko mwembamba ni wa moto.

Haioku_Mwanza

Kwenye karatasi sawa. Lakini injini hizi za kupuliza mafuta moja kwa moja zina mgandamizo mkubwa, yaani mchanganyiko unabanwa mara 12, 13. Mgandamizo mkubwa unataka okteni kubwa, hiyo tulifundishwa chuo.

Dada_wa_Demio

Kaka, Mazda walitoa Demio ya SkyActiv mwaka 2011, mgandamizo 14 kwa 1, na Japani inatumia petroli ya kawaida. Ninayo, napanda nayo Lushoto na mizigo ya duka, iko kimya. Mafuta yakipulizwa ndani ya silinda yanapoza hewa, ndiyo maana wanathubutu namba hizo. Mgandamizo peke yake hausemi kitu.

Mtanga_Houston

Huku Marekani tunajaza 87 kwenye magari ya aina hiyo hiyo na hayagongi. Habari za okteni 95 ni biashara tu.

SpanaKumiNaNne

Ndugu, hiyo 87 yenu ni wastani wa RON na MON, kipimo kingine cha okteni chenye namba ndogo zaidi. Kwa hesabu ya RON tunayotumia sisi ni kama 91 au 92. Usimpotoshe mwenzio.

Na hayo makopo ya kuongeza okteni, someni nyuma. "Inaongeza pointi 3" mara nyingi ni 0.3, yaani 91 inakuwa 91.3. Mengine yana manganizi au chuma ndani, yanaacha rangi nyekundu kwenye plagi.

BabaNeema_Makambako

Kihesa, ngoja nikusimulie yaliyonipata, maana naona watu wanajadili namba wakati wewe una familia ya kupeleka Mbeya.

Gari yangu ilianza hivyo hivyo. Ikiwa tupu kimya, ikibeba watu inalia. Nikaipeleka gereji ninayoiamini, fundi akaweka sikio, akasema tapeti, vile vinavyosukuma vali. Nikamwambia tapeti zingelia hata ikiwa imesimama, asubuhi ndiyo zingelia zaidi. Akasisitiza tapeti. Akamimina oili nzito, 20W-50, mlio ukapungua kidogo, wote tukaridhika.

Safari ya Krismasi tukatoka Dar alfajiri. Ruaha Mbuyuni tukafika jua limeshakuwa kali. Kitonga mnaijua: malori yamepangana, hakuna pa kupita, unakwenda polepole nyuma yao, gia otomatiki ikiwa D inawahi kupanda namba ya juu, wewe unakanyaga, injini inazunguka polepole huku imebeba mzigo wote. Ililia mlima mzima. Karibu na juu ikabadilika, ikaanza kutetemeka na kutoa moshi wa bluu. Nguvu ikaisha. Tukavutwa hadi Ilula.

Hedi ilipofunguliwa Iringa, fundi wa kule alinionyesha pistoni namba tatu juu ya meza. Ukingo wake wa juu ulikuwa umemeguka, ringi imekatika, ukuta wa silinda una michirizi ambayo kucha inaishika. Kwenye kaure ya plagi kulikuwa na vipunje vidogo vinavyometa. Akaniambia hiyo ni aluminiamu ya pistoni yenyewe, ilikuwa inachomolewa kidogokidogo na ile milipuko. Akaniuliza thermostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto la injini, iko wapi. Haikuwepo. Fundi yule wa Dar alikuwa ameitoa wakati wa kubadilisha pampu ya maji, hakusema.

Kwa hiyo usipande Kitonga na mlio huo. Na ukilazimika, toa D weka 2 au L, zima AC, iache injini izunguke juu. Inaumia zaidi ikizunguka polepole na mzigo kuliko ikipiga kelele.

MamaJunia_Tegeta

Pole sana baba. Kihesa umesoma? Rudisha.

FundiMkongwe_Ilala

Pole kaka, ila thermostati msiisingizie. Nchi hii ni ya joto. Thermostati kazi yake ni nchi za baridi, injini ipate moto haraka. Nimezitoa kwenye magari mengi, yanatembea mpaka leo. Ikigoma kufunguka inaua gasketi ya hedi. Kuitoa ni salama.

SpanaKumiNaNne

Mzee wangu, shikamoo, nakuheshimu, lakini hapo napinga kabisa. Ukiitoa, safari fupi za mjini injini haifiki joto lake. Kompyuta inaona injini ya baridi, inaendelea kuongeza mafuta. Mafuta yasiyoungua vizuri yanakuwa kaboni juu ya pistoni. Kaboni inapunguza nafasi ya silinda, mgandamizo unapanda, tena inashika joto. Siku ya mlima, kaboni hiyo ndiyo inayogonga. Tena kwa injini nyingine, bila thermostati njia ya pembeni inabaki wazi, maji mengi yanazunguka bila kupita rejeta. Ikigoma, nunua nyingine, maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, zimejaa.

FundiMkongwe_Ilala

Marahaba. Gerezani zimejaa bandia pia. Thermostati bandia ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Dada_wa_Demio

Hapo kwa bandia namuunga mkono mzee. Plagi ndiyo balaa. Na hata ya halali ukipewa namba isiyo yake ni shida. NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, Bosch ni kinyume chake. Fundi akilinganisha namba kwa macho tu anakuwekea plagi ya moto, ncha yake inawasha mchanganyiko kabla ya wakati. Kihesa, muulize huyo wa laki nne na nusu anaweka plagi namba ngapi.

Likoni_Ferry

Salaam kutoka Mombasa. Mbona hakuna aliyegusa urefu kutoka baharini? Gari isiyo na turbo, ukiwa Nairobi mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, silinda haijai, hata mafuta hafifu hayagongi. Iteremshe gari iyo hiyo Mombasa, hewa nzito, joto, inaanza kulia kwenye daraja la Nyali. Nimeona wateja wakilaumu fundi wa Mombasa kwa gari lililokuwa kimya bara. Kwa hivyo Dar ndiko itagonga zaidi kuliko Mbeya. Hapo Kitonga penyewe, chini ndiko kubaya.

Jambo la pili, mafuta ya taa. Yakitiwa kwenye petroli okteni inaanguka. Huku kwetu serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili isiwe na faida kuchanganya. Mpaka mama wa kijijini mwenye koroboi akalipia dhambi ya wenye lori.

BabaNeema_Makambako

Huku kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa 2011, sababu hiyo hiyo. Na EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walikuwa wameshaanza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini mwenye chemli hakufidiwa kitu.

FundiMkongwe_Ilala

Zamani petroli ilikuwa na risasi, hakuna aliyesikia mlio. Mmarekani Midgley aligundua dawa ile 1921, injini ikaacha kugonga. Tulipoiacha, kufikia 2006 Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara, ndipo vilio vilianza.

Dada_wa_Demio

Mzee, risasi ile ilikuwa inaingia kwenye damu za watoto. Bora injini ilie. Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho duniani kuiuza, 2021, na hakuna gari lililokufa kwa kuikosa.

Haioku_Mwanza

Turudi kwa Kihesa jamani.

Kihesa_Kilolo

Nipo, nawasoma wote. BabaNeema pole sana, mke wangu nimemsomea, amekaa kimya muda mrefu.

Nimeazima kifaa kwa jirani. Nimejaza sheli moja kubwa inayouza sana, nikapanda Pugu kuelekea Kisarawe na abiria. Mlio bado upo, ila naona umepungua. Joto la maji tambarare 91, kilimani lilifika 104 likarudi. Marekebisho ya mafuta asilimia 6. Maji ya rejeta ni ya rangi ya kutu, si ya kijani wala ya pinki. Yadi wanasema walitia maji ya bomba "kwa muda" ilipotoka bandarini.

SpanaKumiNaNne

Asilimia 6 ni sawa. 104 kwa mlima mfupi kama Pugu siipendi. Kabla ya plagi: osha rejeta, weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) sahihi, angalia kama feni zote mbili zinazunguka, kisha pima tena. Na waambie yadi waongeze siku, hayo maji ya kutu ni yao.

MamaJunia_Tegeta

Yadi ikitia maji ya bomba ikanyamaza, kuna mengine imenyamazia. Badilisha gari.

Likoni_Ferry

Na hiyo nyingine ya milioni mbili juu, nani amesema haikutiwa maji ya bomba? Imetoka mikono ile ile.

Kihesa_Kilolo

Hapo ndipo nilipokwama. Nimewaomba wanipe mpaka Jumatatu, wamesema watanipigia.

Mgeni_Kahama

Wakuu samahani kuingilia. Yangu inalia asubuhi ikiwa ya baridi, dakika chache kisha inaacha, mlimani kimya. Ni tatizo hili hili?

SpanaKumiNaNne

Hapana, hiyo haina uhusiano na okteni. Pima oili kwenye kijiti kwanza, halafu fungua uzi wako na utaje gari, mwaka na oili gani unaweka.

FundiMkongwe_Ilala

20W-50 hiyo inatulia.

BabaNeema_Makambako

Mzee!