Likizo ya Juni wiki nne, nalea peke yangu na kazi ni kutwa: watoto wakae na nani?

MamaWawili_Tabata

Habari zenu wana jukwaa. Shule zinafunga mwanzoni mwa Juni, zinafunguliwa Julai. Watoto ni wawili, mmoja miaka 6, mwingine 10. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, kutoka nyumbani saa 12 asubuhi, kurudi saa 1 usiku foleni ikiwa na huruma. Dada wa kazi hayupo na mshahara wake kwa sasa haulipiki. Baba yao yuko mkoani, anatuma hela akijisikia.

Nimeshauriwa mambo matatu: tuisheni, kuwapeleka kwa bibi yao Makete, mkoani Njombe, au kuwafungia ndani na kumwomba jirani awachungulie. Naomba mahesabu, pole nimeshapewa za kutosha.

Daftari_Kwanza

Dada, anza na daftari kabla ya kuanza kutafuta mtu. Kosa la wengi ni kumsaka mtu mmoja wa kukaa na watoto wiki nne nzima. Huyo hapatikani, na akipatikana anakimbia wiki ya pili. Tafuta watu wa kuziba vipande.

Wiki nne ni siku 20 za kazi. Saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku ni saa 13, kwa hiyo una saa 260 za kuziba. Piga mistari, siku 20 kwenda chini, vipande vitatu kwenda kulia: alfajiri (12 hadi 2), mchana (2 hadi 10), jioni (10 hadi 1). Kila kisanduku kiandike jina la mtu mzima. Kisicho na jina ndiyo shida yako, na utaona ni vichache kuliko ulivyoogopa.

Kwanza weka likizo yako ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 zenye malipo, lakini ni siku za mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo. Ofisi inayohesabu hivyo, wiki moja inakula siku 7, siyo 5. Mwajiri ndiye anayepanga lini uende, kwa hiyo barua iingie Aprili, kabla wenzako hawajashtuka kwamba Juni nao wana watoto. Omba wiki ya mwisho ya likizo ya shule, usiombe ya kwanza. Wiki ya kwanza kila aliyekuahidi msaada bado ana ari. Ya nne jirani kachoka, pesa imekata, na kuna sare za kushonea vifungo na nywele za kunyoa. Nyingine ziweke kwa ajili ya Desemba.

Zinabaki siku 15. Madrasa au mafunzo ya kanisani ya likizo, kama yapo mtaani kwenu, yaandike kwenye kipande cha mchana, ila kwa saa zake halisi. Tuisheni pia. Na tuisheni tuiite jina lake: kwa mtoto wa miaka 6 ni malezi yaliyovaa sare, hajifunzi kitu kikubwa pale. Si vibaya, mradi ujue unalipia nini. Uliza chumba kina watoto wangapi, choo kiko wapi, na nani anabaki na mtoto mpaka achukuliwe. Nyingi zinaisha saa 6 mchana. Mzazi analipa mwezi mzima halafu anagundua saa 6 hadi saa 1 usiku, yaani zaidi ya nusu ya siku, iko wazi vilevile.

Nondo_na_Kufuli

Mimi nagusa moja tu, hilo la kuwafungia. Lifute kabisa.

Nyumba zetu za Dar zina nondo kila dirisha. Ukipiga kufuli kwa nje, mlango ndiyo ulikuwa njia pekee ya kutokea na umeiziba. Waya wa feni ukiungua, jirani mwenye kuchungulia atachungulia tu. Hata kwa dakika 40 za jioni, mlango ufungwe kwa ndani kwa komeo ambalo mtoto wa miaka 10 analifungua gizani bila ufunguo. Mfanyishe zoezi hilo usiku taa zikiwa zimezimwa, mara tatu. Makomeo mengi yana kutu na mtoto analiweza pale tu mlango ukisukumwa kidogo. Paka mafuta, au mwite fundi alihamishie chini, usawa wa kifua cha mtoto.

Ufunguo wa akiba akae nao jirani, usining'inizwe shingoni mwa mtoto: kila anayepita anasoma kwamba nyumbani hakuna mkubwa.

Kabla hujatoka, mtungi wa gesi funga pale kwenye regulata, usiishie kwenye kitufe cha jiko. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda au ya maji hata siku moja. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mafuta yakipanda yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo madhara makubwa yanapoanzia. Mkimbize hospitali na ile chupa. Akiungua, maji safi ya baridi yatiririke juu ya kidonda dakika 20. Dawa ya meno, asali na yai viacheni jikoni.

Na huyu wa miaka 10 asifanywe mama wa huyu wa 6. Kumwangalia saa moja, kwa mlango wa jirani uliopo mkabala, sawa. Kutwa nzima, hapana.

Zamu_za_Mtaa

Kinachofanya kazi mtaani ni zamu, na zamu zinavunjika kwa sababu moja: hesabu mbovu. Watu wanahesabu siku, wakati mzigo uko kwenye saa na idadi ya watoto.

Tafuta wazazi watatu au wanne ambao siku zao za mapumziko hazigongani. Nesi wa zamu, mwenye genge ambaye Jumatatu biashara imelala, mwalimu ambaye naye yuko likizo (huyu ni dhahabu, msimchoshe). Halafu daftari moja. Anayekaa na watoto 3 wa wenzake kwa saa 8 anaandikiwa 24. Wewe mwenye watoto 2 ukiwaacha saa 8 unaandikiwa deni la 16. Kila Jumapili jioni mnasoma daftari. Aliyepitisha deni la 40 analipa kwa Jumamosi yake, au kwa kitu mlichokubaliana mapema. Msilipane fedha taslimu. Siku pesa ikiingia, mmoja anageuka mfanyakazi wa mwingine na ugomvi umeanza.

Chakula kila mtoto anakuja nacho, au kila mzazi anatoa kwa kipimo: mchele gramu 125 kwa mtoto kwa mlo, yaani robo kilo kwa watoto wawili. Mtu mzima mmoja asipewe watoto zaidi ya 6, wa kwake wakiwemo, na chini ya miaka 3 asiwepo zaidi ya mmoja. Ndoo na madiaba ya maji yafunikwe au yamwagwe. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina cha kiganja.

Mkikubaliana, andikeni pia nani haruhusiwi kuwachukua watoto. Mjomba, bodaboda, "nimetumwa na mama yao": kama jina halipo kwenye karatasi, mtoto haondoki.

MamaWawili_Tabata

Asanteni sana, daftari limeshachorwa. Siku 15, nesi na mama wa genge wamekubali, vimebaki visanduku 9 vya jioni. Swali la chakula: nikipika alfajiri nikaweka kwenye hotpoti, wataukuta wa moto saa 7 mchana? Na ni ongezeko la kiasi gani, maana shuleni walikuwa wanakula huko.

Jikoni_Kwetu

Hotpoti hailindi chakula kwa muda wa saa saba na nusu, dada. Hotpoti nzuri, uliyoijaza maji yanayochemka dakika 10, ukayamwaga, ukaweka chakula kikiwa bado kinatoa mvuke, inakupa kama saa 4. Baada ya hapo chakula ni vuguvugu, na vuguvugu la Dar ndilo linalochachisha. Wali wa nazi ndio wa kwanza kuharibika, na wali mweupe usikudanganye kwa kutonuka.

Njia mbili. Kama anayekaa nao ana jiko, mpe vilivyoiva nusu. Jumapili loweka maharage kilo 1 usiku kucha, chemsha bila chumvi mpaka yaive, tandaza kwenye sinia pana yapoe haraka, gawa kwenye vikopo 8, gandisha. Kila usiku shusha kopo moja kwenye sehemu ya chini ya friji. Mchana ni kuunga tu, dakika 15. Kama hana jiko au huna friji, peleka visivyoharibika mapema: chapati kavu, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, karanga, ndizi. Uji uwe mwepesi, unga kikombe kimoja kwa maji lita moja na nusu, kwenye chupa ya chai ya kumimina. Ile ya kubonyeza inaziba. Maziwa usitie asubuhi, yanaukatisha uji kabla ya saa 4.

Ongezeko kwa watoto wawili, siku 20 za chakula cha mchana na uji: nafaka kilo 5 (changanya mchele na sembe), maharage kilo 2, unga wa uji kilo 2, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 2, mayai trei moja. Nunua kabla ya wiki ya kufunga shule.

Kitu kinachosahaulika ni umeme. Kama mita yako iko kwenye tarifu ya D1 (bei ya nyumba zenye matumizi madogo), uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na ya 76 inaruka hadi 350. Watoto kutwa na televisheni, friji inafunguliwa kila robo saa, unavuka tarehe 20 bila kujua. Soma mita kila Jumapili, na uniti 17 kwa wiki ziwe mpaka wako.

Njia_ya_Njombe

Makete siyo wazo baya, ila Juni ni baridi kali kule, kuna maeneo umande unaganda. Sweta mbili kila mmoja, soksi nzito, kofia. Mtoto wa Dar anafika na fulana na ndala.

Asikabidhiwe kondakta. Aende na mtu mzima anayemjua, tiketi ikatwe mapema kwa sababu wiki ya kufunga shule mabasi yanajaa. Kwenye begi: kadi ya bima, nakala ya cheti cha kuzaliwa, dawa anazotumia zenye maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha bibi, namba tatu za simu kwenye karatasi. Muulize bibi waziwazi: watalala chumba gani, na nani mwingine yumo humo? Swali hilo halimkosei adabu mtu yeyote. Na watoto wote wawili waijue namba 116, ni ya kusaidia watoto na ni bure.

Kuhusu baba yao: nenda ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako na vyeti vya kuzaliwa na orodha ya matumizi ya mwezi yenye risiti. Wanamwita, mnaandikiana. Akigoma, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu kuomba matunzo Mahakama ya Watoto. Kwenye makubaliano taja likizo kwa tarehe: wiki zipi za Juni na Desemba ni zake, na nauli ya kwenda na kurudi inatoka mfuko wa nani. "Atasaidia likizo" haina maana yoyote mbele ya afisa.

Mwisho, mwambie bibi jambo moja kwa simu, na umrudie wakifika. Kule watu huingiza jiko la mkaa chumbani kuota moto, dirisha limefungwa. Hewa ya mkaa haina harufu, na aliyelala haamki. Jiko liotwe sebuleni mlango ukiwa wazi, na litolewe nje kabla mtoto wa kwanza hajapanda kitandani.