Mjadala: Je, kipimo cha VVU kibishe hodi mlangoni?

Mleta mada:
Wapo wanaopendekeza kwamba vipimo vya kujipima VVU na vidonge vya kinga vya PrEP vigawiwe nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya ya jamii, wale wapatao 100,000 waliokabidhiwa mikoba ya vifaa kote nchini mwaka 2023. Hoja yao ni kwamba huduma hizo zilizinduliwa Kenya tangu 2017, na bado wengi hawazifikii kwa sababu vituo viko mbali. Mimi nalipinga pendekezo hilo, ingawa wahudumu wenyewe nawaheshimu. Mhudumu anayebisha hodi kwangu Likoni, Mombasa, ni mke wa jirani. Wanangu anawajua kwa majina, na maji tunateka bomba moja. Hapa mtu huvuka feri, ambayo kwa mwenda kwa miguu ni bure, akakaa foleni asubuhi nzima kisiwani asikojulikana, ilhali zahanati ipo nyuma ya nyumba yake. Huyo anakimbia macho ya watu. Watafiti wanaotuuliza kituo kiko kilomita ngapi wanapima njia, aibu hawaipimi. Kipimo kiuzwe kwa bei nafuu katika maduka ya dawa, kila mtu achague duka lake.

Mchangiaji:
Kaka, kuhusu macho ya watu umesema kweli, lakini duka la dawa litakuuzia kisha likuage. Kijiti cha kipimo unakipitisha kwenye ufizi wa juu na wa chini, unakitumbukiza ndani ya kichupa, unasubiri dakika 20. Mstari mmoja ni hasi, japo haumhakikishii lolote aliyeambukizwa wiki iliyopita. Miwili inataka kipimo cha kuthibitisha kituoni. Mstari wa pili ukijitokeza saa nne usiku, nani yuko naye chumbani? Isitoshe, sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumpima mtu kwa lazima na kutoa siri ya majibu yake, kwa hiyo mhudumu anayeropoka ana pa kushtakiwa.

Mleta mada:
Dada, swali la saa nne usiku sina jibu lake. Ila sheria humwadhibu aliyetoa siri, siri yenyewe hairudi. Ningekubali iwapo mhudumu wa Likoni angepelekwa Kisauni, upande mwingine wa Mombasa, na wa Kisauni aletwe Likoni, kisha watafiti wahesabu ni milango mingapi iliyofunguliwa, wakilinganisha na pale anapobisha jirani.