Tupeane uzoefu: tukio la tamthilia ya kisayansi lililowafanya mbishane mpaka siasa ikaingia

Mwanzisha uzi, Iringa

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wale wanaotazama tamthilia za anga na kisha hawalali kwa ubishi. Kila mmoja alete tukio moja: wapi kisa hakishikiki, na siasa gani aliiona ndani yake. Ambaye hajamaliza Battlestar Galactica asisome kwanza, maana naanza na mwisho wake.

Mwisho huo ulirushwa Marekani tarehe 20 Machi 2009. Watu karibu 38,000 waliosalia baada ya kuwindwa na Cylon, roboti waliowaunda wenyewe, wanafika kwenye sayari yenye nyasi na wanyama. Tunakuja kujua kwamba ni Dunia hii yetu, miaka 150,000 iliyopita. Kisha tunahamishiwa New York ya siku hizi. Ronald Moore, mtayarishaji mwenyewe, amesimama anasoma jarida lenye habari za mabaki ya msichana anayedhaniwa kuwa bibi wa watu wote walio hai. Aliishi wapi? Tanzania.

Tulikuwa tumejazana chumbani kwa jamaa, wote tukapiga kelele za furaha. Mimi nikaomba turudishe nyuma kidogo, pale viongozi wanapowachungulia wenyeji kwa darubini kutoka kwenye nyasi. Wanawajadili: vinasaba vyao vinaoana na vyetu, tunaweza kuzaa nao, lugha hawana, tutawapa. Hakuna anayeteremka kuwasalimia. Ugomvi wetu ulianza hapo na haujaisha mpaka leo.

Jamaa alisema ni hadithi tu. Nikamwambia hadithi yenyewe ndiyo iliyotaja nchi na miaka, basi na tuipime kwa nchi hiyo na miaka hiyo. Fuvu la Ngaloba lililopatikana Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1976 linakadiriwa kuwa na miaka 120,000 hivi, na ni la mtu wa jamii yetu. Olorgesailie, kwa majirani zetu Kenya, watu walikuwa wakileta mawe ya obsidiani kutoka makumi ya kilomita na kutumia mawe ya rangi zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Mimi siamini kwamba watu wa namna hiyo waliishi bila kusemezana. Wale wasio na lugha hawakutoka kwenye udongo wa Laetoli. Walitoka kwenye simulizi za wageni wanaofika mahali, wakakuta wenyeji, na bado wakaandika kwamba nchi ilikuwa tupu. Kwangu mimi kosa la kisa na siasa ya kisa ni kitu kimoja pale, na linaniuma kwa sababu naipenda tamthilia hii kuliko nyingine yoyote.

Kuna na la Hera, huyo msichana wa kwenye jarida. Mama yake ni Cylon, wa ile aina yenye mwili kama wa binadamu. Vinasaba vya mitokondria tunarithi kwa mama, kwa hiyo ukifuata ukoo wa kike moja kwa moja, kila mmoja wetu anaishia kwa Cylon, wala si kwa mwanamke yeyote wa wenyeji wale. Wanawake wale wanaweza kuwa na damu yao ndani yetu kupitia wana wa kiume, sayansi inaruhusu. Ila tamthilia haikuwapa hata jina.

Karibuni.

Mdau wa Nyeri

Shukrani kwa uzi. Mimi nakuja na mwanzo wa msimu wa tatu wa hiyo hiyo, Oktoba 2006. Cylon wanatawala binadamu kwenye sayari ya New Caprica, na polisi wao ni binadamu waliofunika nyuso, wanaokamata jirani zao usiku. Wapinzani wanajibu kwa kujilipua. Wengi waliona Iraq, na waandishi hawakuficha. Walimweka mtazamaji wa Marekani upande wa waliovamiwa huku jeshi la nchi yake likiwa bado Baghdad. Huo ulikuwa ujasiri.

Kwetu hakuna aliyetaja Iraq. Nyanya yangu alipoona zile nyuso zilizofunikwa alisema neno moja: gakunia. Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, ilipoanza Nairobi Aprili 1954, watu walipitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, unakwenda kizuizini. Nyanya hakujali kama wale wa kwenye runinga walikuwa roboti au Waingereza. Alitaka kujua wenye magunia walikwenda kuishi wapi baadaye.

Hilo ndilo tulilobishania na binamu yangu. Jammer, mmoja wa wale polisi, alimwokoa binadamu mwenzake, Cally, asipigwe risasi. Lakini baada ya ukombozi wenzake wanamhukumu kwa siri na kumtupa nje ya chombo. Binamu anasema haiwezekani, watu waliokula naye miaka yote wangemsikiliza. Mimi nasema ndivyo inavyokuwa, na aliyekula nawe ndiye asiyekusamehe. Panaponishinda mimi ni baada ya hapo: Rais Roslin anatangaza msamaha kwa wote na tume ya ukweli na maridhiano, na vikao vya tume hiyo hatuonyeshwi. Kenya tulipokea ripoti ya tume yetu Mei 2013, na tunajua kazi inaanzia pale wao walipokata.

Mdau wa Mwanza

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo mtanisamehe nikiwa mkali. Mwanzisha uzi umegusa mwisho lakini umeruka jambo kubwa: wanatuma vyombo vyote vikaungue kwenye jua! Wazo ni la Lee Adama, mtoto wa admirali, na watu wote wanakubali. Wasimamizi wa zamu yangu waliposikia nikilalamikia hilo walidhani nazungumzia kikao cha bajeti.

Kuchoka na mashine naelewa. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua hahitaji falsafa ya kuanza upya, anahitaji dawa, na anaihitaji ndani ya dakika. Wajawazito waliulizwa lini? Watu hawa hawa waliwahi kufanya uchaguzi mzima juu ya swali moja, tukae kwenye sayari au tuendelee na safari, na Baltar, mgombea aliyetaka wakae, akashinda urais kwa sababu hiyo. Leo uamuzi mzito kuliko ule unapita bila kura. Hata wakili Lampkin anasema anashangaa jinsi kila mtu alivyokubali. Mwandishi aliliona tundu, akalitaja, akapita.

Mdau wa Arusha

Nawapeleka Star Trek: Deep Space Nine, sehemu ya "Duet" ya mwaka 1993. Kira, aliyepigania ukombozi wa sayari yake Bajor kutoka kwa Wacardassia walioitawala, anamshika Mcardassia anayedai kuwa mkuu wa kambi ya kazi ya Gallitep. Kumbe ni Marritza, karani wa kambi ile. Alikuwa akisikia vilio na hakufanya lolote. Amejifanya mkubwa wake, aliyekwisha kufa, ili ashitakiwe na nchi yake ilazimike kukiri.

Rafiki yangu hukataa kabisa: hakuna mtu atakayeomba anyongwe kwa makosa ambayo hakuyaamuru. Mimi nimekulia Arusha wakati Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda inakaa hapa, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Baba alikuwa dereva wa teksi, na jioni maongezi yalikuwa hayo. Walioletwa walikuwa mawaziri, makamanda, mameya. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikiri mwenyewe na akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1998. Makarani hatukuwaona. Ndiyo maana Marritza hanipi shida ya mantiki hata kidogo: ana hatia ambayo hakuna mahakama inayoitaka, na ili asikilizwe inabidi aazime hatia ya mkubwa. Nimeitazama mara nyingi na bado sijaweza kumaliza bila kusimama katikati.

Mdau wa Mombasa

Langu ni fupi. Star Trek ya zamani, "The Changeling", Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu zote za Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto, na akikwama anatoa Kiswahili. Kama zote zilifutwa, Kiswahili kilibaki wapi? Ami yangu aliyeko Muscat alifurahi kukisikia na hakutaka niguse kitu. Nami nilifurahi. Lakini daktari anasema wiki moja itatosha, na baadaye Uhura yuko kwenye kiti chake, hakuna anayemuuliza kama anamkumbuka mamake. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alitaka kuondoka baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamsihi abaki. Alibaki, na ndiye huyu anayepotezewa maisha mazima bila kupewa sentensi moja ya kuomboleza.

Mwanzisha uzi, Iringa

Dada wa Mwanza, hoja ya uchaguzi wa Baltar sikuwahi kuiwaza, naipeleka kwa jamaa leo hii. Mdau wa Nyeri, siku tatu kabla ya mwisho ule, tarehe 17 Machi 2009, Moore na waigizaji wake walikaribishwa Umoja wa Mataifa, New York, kujadili haki za binadamu, ugaidi na maridhiano kupitia tamthilia hii.

Mdau wa Bujumbura

Mimi na mke wangu tumegawanyika juu ya "In the Pale Moonlight" ya Deep Space Nine hiyo hiyo, Aprili 1998. Sisko, mkuu wa kituo, anatengeneza ushahidi wa uongo ili Waromulan, dola isiyofungamana na upande wowote, waingie vitani upande wake. Seneta wao anagundua, Garak, jasusi wa zamani anayemsaidia Sisko, analipua chombo cha seneta huyo, na kasoro za ushahidi zinadhaniwa ni madhara ya mlipuko. Miaka mitano baadaye tulikaa mbele ya runinga tukitazama Baraza la Usalama likionyeshwa picha na michoro kuhusu silaha za Iraq, na mke wangu akanigeukia akasema, "Sisko." Tunachobishania ni hiki: tamthilia iliendelea msimu mwingine mzima, na sijaona popote Waromulan wakiujua ukweli. Mke wangu anasema waandishi waliogopa. Mimi nasema walijua kwamba mshindi haulizwi. Mwenye kukumbuka tukio linalonipinga alilete, na ataje sehemu yenyewe.