Mzee kapata kiharusi, kuongea hawezi ila nyimbo za kanisani anaimba. Tumwongeleshe Kihaya au Kiswahili?

Binti Mwalimu:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Bukoba. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mguu afadhali, mkono unarudi taratibu, shida ni kuongea. Neno linalomtoka ni "hapo" tu. Akitaka maji, "hapo". Akitaka chooni, "hapo hapo". Usipomwelewa anagonga meza kwa mkono wa kushoto, macho yamemtoka. Kuelewa anaelewa: juzi nilisema ng'ombe wa jirani kaingia mgombani, sijamaliza sentensi keshaanza kunyanyuka.

Sasa wanajumuiya walikuja kumwombea. Walipoanza wimbo, mzee huyo naye ndani, beti mbili nzima, maneno yote yamenyooka! Namuuliza, "Baba unajisikiaje?" Jibu: "hapo". Tangu siku hiyo shangazi anasema ama kaka yake anatuzuga, ama kuna mtu kamfunga ulimi, na kaanza kuchangisha hela ya mganga.

Hii hali ipo kweli? Halafu baba kakulia Kihaya, ila kafundishia Kiswahili, na mama ni Mpare hivyo nyumbani ni Kiswahili. Ndugu wanataka tuongee Kihaya tu, eti asichanganyikiwe. Tufuate lipi?

Nshomile Mstaafu:
Pole sana binti. Hiyo michango ya shangazi inunue dawa za presha kwanza. Wenye fani wanakuja, nakaa hapa nisome.

Daktari Uchwara:
Jina ni la utani, kazi ni ya kweli.

Dada, hali hiyo ipo na inajulikana kitambo. Kwa watu wengi lugha inaendeshwa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana vimekwenda kwa pamoja. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimpata mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kila akiulizwa alijibu "tan". Alipofariki, ubongo ulikutwa umeharibika sehemu ya mbele, kushoto. Alikuwa anaelewa mengi, kama mzee wako. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: mgonjwa anaongea mfululizo lakini maneno hayana maana, na yeye ndiye anayeshindwa kuwaelewa wenzake. Kwa maelezo yako, baba hayuko huko.

Kuhusu wimbo, mzee hawazugi. Wimbo alioukariri tangu utoto unatoka wote kama mnyororo, ukivuta pete ya kwanza nyingine zinafuata. Sala ni hivyohivyo, kuhesabu moja hadi kumi, hata matusi (msishangae siku likimtoka). Na sauti ya wimbo inategemea sana upande wa kulia, ambao kwake ni mzima. Kutunga sentensi mpya, "naomba maji ya uvuguvugu", ni kazi nyingine kabisa.

Mama Jeni:
Kwa hiyo daktari, kumbukumbu zake zimefutika? Maana baba mkwe wangu tulimchukulia hivyo, tukawa tunamtambulisha upya kwa wajukuu zake.

Daktari Uchwara:
Hapana mama. Angalia kisa cha Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kifafa, wakamwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Aliongea vizuri mpaka kifo chake 2008, ila jambo jipya halikukaa kichwani. Mtafiti aliyemfuatilia kwa miaka alikuwa mgeni kwake kila siku. Baba wa Binti ni kinyume chake: ya moyoni anayo, mlango wa kuyatolea ndio mbovu. Msimwongeleshe kama mtoto, wala msijadili ugonjwa wake mbele yake.

Mpare wa Same:
Kwenye lugha nisaidie kidogo, mama yangu kapitia haya. Wengi wanadhani lugha ya utotoni ndiyo hurudi kwanza; mwanasaikolojia Mfaransa Ribot alisema hivyo karne ya 19. Daktari Mfaransa Pitres naye 1895 akasema hurudi ile iliyotumika zaidi kabla ya kuugua. Kuna wagonjwa wa namna zote mbili, na wengine zinarudi sambamba. Sisi tulitumia zote. Kumnyima Kiswahili ni kumnyima mke wake!

Daktari Uchwara:
Naunga mkono. Sentensi fupi, moja moja. Uliza swali la ndiyo au hapana, kisha msubiri. Kimya chake ni kazi anayoifanya, msimmalizie. Na wimbo utumieni: imbeni "nataka maji" kwa sauti ya kupanda na kushuka, huku akigonga paja kwa mkono wa kushoto. Njia hiyo ilianzia Boston miaka ya 1970, na husaidia baadhi ya wagonjwa wa aina yake. Kliniki ombeni rufaa ya mtaalamu wa tiba ya usemi.

Binti Mwalimu:
Asanteni mno. Swali la mwisho: ni mwalimu, tukimpa daftari aandike kwa mkono wa kushoto?

Daktari Uchwara:
Jaribuni, ila msimkasirikie akiandika visivyoeleweka. Kuandika nako ni lugha, mara nyingi kunaathirika pamoja na kuongea. Anzeni na picha: kikombe, kitanda, choo, redio, na sura za watu wa nyumbani. Aonyeshe kwa kidole.

Nshomile Mstaafu:
Redio iwe ya kwanza.